Skripti haikulalamika, lakini hekta zote ni sifuri

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni afisa matumizi ya ardhi, nafanya kazi na vijiji vya mkoa wa Morogoro. Nimeandika skripti ya Python kwa GeoPandas, maktaba ya Python ya kazi za ramani. Inasoma mipaka ya mashamba tuliyopima kwa simu na kwa GPS ya mkononi, inakokotoa hekta za kila shamba, halafu inaangalia shamba gani limeingia ndani ya mita 60 za mto. Inaenda mpaka mwisho bila kosa lolote. Lakini hekta zote zinatoka 0.0, na mashamba yote 214 yanaonekana yamo ndani ya mita 60 za mto, hata yaliyo mlimani kabisa. Nilijaribu kubadili mfumo wa koodineti, sasa mashamba hayaonekani tena kwenye ramani. Mwenzangu naye akiiendesha kwenye kompyuta yake inakufa na kuandika KeyError. Tatizo ni skripti, ni data au ni kompyuta? Wiki ijayo tunatakiwa kupeleka orodha kijijini.

Jibu: Marahaba. Nimeifungua skripti yako pamoja na mafaili uliyoambatanisha, nikaipitia mstari kwa mstari. Nikutoe hofu kwanza: Python yako ni nzima, na kompyuta yako ni nzima. Skripti imetekeleza kila ulichoiagiza. Wewe umeiagiza kwa mita, data yako inazungumza kwa digrii, na hapakuwa na mkalimani kati yenu.

Ila kabla hatujaendelea, naomba sana orodha hiyo isiende kijijini. Hekta 0.0 kila atakayeiona atajua kuna kasoro, kwa hiyo haiwezi kumdhuru mtu. Inayonitia hofu ni ile ya pili. Orodha ya mashamba yaliyo ndani ya mita 60 za mto inafanana kabisa na orodha ya kweli: ina majina, ina namba za mashamba, ina safu iliyojaa "ndiyo". Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu akishaandikwa humo, ombi lake la hati ya hakimiliki ya kimila linaweza kulala mezani muda mrefu, na hatakuwepo wa kumweleza kwamba kisa ni mstari mmoja wa Python.

Sasa tuone hiyo sifuri imetoka wapi. Simu inapopima mpaka wa shamba huandika longitudo na latitudo. Mfumo wake ni WGS 84, ambao kwenye EPSG, orodha ya kimataifa ya mifumo ya koodineti, ni namba 4326, na kipimo chake ni digrii. Ukiandika `mashamba.area`, GeoPandas haiulizi hizo namba ni za nini. Inazichukua kama zilivyo na kukokotoa. Chukua shamba la hekta mbili. Kwa latitudo ya Morogoro, digrii moja ni kama kilomita 110.5, kusini-kaskazini na mashariki-magharibi karibu sawasawa. Mraba wa digrii moja kwa moja unazidi kilomita za mraba 12,200. Hekta mbili ndani ya mraba huo ni 0.0000016. Skripti yako ikaigawa kwa 10,000 ili ipate hekta, ikabaki 0.00000000016, kisha ukaiambia ikadirie kwa desimali mbili. Ndiyo hiyo 0.0 yako.

Kwenye mto hali ni hiyohiyo, ila inaelekea upande wa pili. `mito.buffer(60)` kwa data ya digrii ni ukanda wa digrii 60, si mita 60. Hizo ni zaidi ya kilomita 6,600. Hifadhi ya mto wako ilianzia kusini ya Cape Town ikaenda kuishia kaskazini ya Istanbul. Hakuna shamba la Morogoro linaloweza kuwa nje yake, liwe bondeni, liwe mlimani.

Na hapa kuna jambo lililonisikitisha kidogo. GeoPandas ilijaribu kukuambia. Kwa kawaida ukiomba eneo au ukanda kwenye data ya digrii, inatoa onyo linaloanza hivi: `UserWarning: Geometry is in a geographic CRS`. Halisimamishi skripti, lakini linaonekana. Kwako halikuonekana kwa sababu mstari wa nne wa skripti yako ni huu:

```
warnings.filterwarnings("ignore")
```

Najua umetoka wapi. Umo kwenye mifano mingi ambayo watu wananakili, kwa kuwa maonyo yanachafua skrini. Ufute leo. Kosa linalosimamisha skripti linakupotezea nusu saa, ukikasirika sana saa mbili. Onyo lililozibwa linakuachia upeleke majibu ya uongo kwa watu wanaokuamini. Katika kazi ya ramani tofauti hiyo ni kubwa kuliko kazi nyingine za data, kwa sababu namba yetu inageuka kuwa mpaka, na mpaka unageuka kuwa ugomvi wa majirani.

Tuje kwenye jaribio lako la kurekebisha. Uliona lazima utumie mita, ukatafuta namba ya UTM (mfumo unaogawa dunia katika kanda na kupima kwa mita) kanda ya 37 kusini, ukaipata 32737. Mpaka hapo uko sahihi kabisa. Ukaandika `mashamba.set_crs(32737)`. GeoPandas ikakukatalia, ikasema data tayari ina mfumo mwingine. Ukaongeza `allow_override=True`, ikakubali, na mashamba yakatoweka.

Fikiria una noti ya shilingi elfu kumi. `to_crs` ni kwenda nayo duka la kubadilisha fedha: unarudi na dola chache, namba imebadilika, thamani ni ileile. `set_crs` ni kuchukua kalamu, ukakata neno "shilingi" juu ya noti na kuandika "dola". Namba haikuguswa, ila sasa umejitangaza tajiri. Ulichofanya wewe ni hicho cha pili. Pointi iliyokuwa longitudo 37.66 na latitudo -6.83 ukaitangaza kuwa ni mita: mashariki mita 37.66, kaskazini mita -6.83. Katika UTM ya kusini Ikweta imepewa namba 10,000,000, na namba zinapungua kadiri unavyoshuka kusini. Ukifika sifuri umeshuka kilomita 10,000 kutoka Ikweta. Kwa hiyo mashamba yako hayakupotea. Yapo Antaktika, jirani na Ncha ya Kusini.

Kila programu ya ramani ina jozi hiyo kwa majina yake. QGIS ina Assign Projection na Reproject Layer. ArcGIS ina Define Projection na Project. Ya kwanza inatangaza tu, ya pili inageuza namba. Ya kutangaza utumie pale tu ambapo faili halina tangazo, au lina tangazo la uongo na wewe unao ushahidi.

Kwa hiyo skripti yako, mahali pa hesabu, iwe hivi:

```
mashamba = mashamba.to_crs(32737)
mito = mito.to_crs(32737)

mashamba["hekta"] = (mashamba.area / 10000).round(2)

ukanda = mito.buffer(60).union_all()
mashamba["ndani_hekta"] = (mashamba.intersection(ukanda).area / 10000).round(2)
```

Utaona nimebadilisha jambo moja ambalo hukuliomba. Wewe ulitumia `intersects`, inayojibu ndiyo au hapana tu. Shamba la hekta tano lililogusa ukanda kwa kona moja linapata "ndiyo" sawa na lililozama lote. Afadhali orodha iseme ni hekta ngapi zimeingia. Mwenye shamba ataweza kujadili, na halmashauri ya kijiji itaona ni nani anayehitaji kusogeza mpaka tu na ni nani mwenye shida kubwa zaidi.

Halafu mito yako umeichora kama mistari katikati ya maji, wakati sheria inahesabu kutoka ukingoni. Kwa kijito cha mita tatu tofauti ni ndogo. Kwa mto wenye upana wa mita 40, ukanda wako unakuwa pungufu kwa mita 20 kila upande. Mito mipana ichore kama poligoni, ukifuata kingo zote mbili, ndipo uweke mita 60.

Ukishageuza, usiamini mpaka uone. Mistari miwili ninayoandika kwenye kila skripti ya ramani, kabla ya hesabu yoyote, ni hii:

```
print(mashamba.crs)
print(mashamba.total_bounds)
```

Wa kwanza unakuambia data inajitangaza nini. Wa pili unatoa namba nne: magharibi, kusini, mashariki, kaskazini. Kwa mashamba yako ya simu kabla ya kugeuza nilipata kama 37.58, -6.91, 37.66, -6.83. Baada ya kugeuza kuwa 32737 nikapata takriban 343,000, 9,236,000, 352,000, 9,245,000. Zizoee namba za mkoa wako. Ukishazijua, macho yatakuwa yanagundua kosa kabla akili haijafika.

Na makosa ya koodineti yana tabia nzuri moja: kila kosa lina nchi yake. Ukifungua leya kwenye QGIS, ukaweka OpenStreetMap chini yake, ukabonyeza Zoom to Layer, mahali utakapotua ndipo penye jibu. Mashamba ya Morogoro yakionekana kusini mwa Ethiopia, mtu amesahau alama ya kutoa kwenye latitudo. Yakionekana kusini mwa Hispania, upande wa kaskazini-magharibi wa Sevilla, latitudo imekaa mahali pa longitudo. Kumbuka Shapely (maktaba ya maumbo) na GeoPandas hutaka longitudo kwanza, wakati binadamu tunazoea kutaja latitudo kwanza. Yakiwa baharini kwenye Ghuba ya Guinea, pale sifuri inapokutana na sifuri, seli zilikuwa tupu zikajazwa 0, au digrii zilizotangazwa kuwa mita za mfumo wa ramani za mtandaoni (EPSG:3857) zimeangukia huko. Yakiwa Antaktika, tumeshasema.

Ukiitumia pyproj, maktaba ya kugeuza koodineti, moja kwa moja bila GeoPandas, tahadhari ya mpangilio ni kubwa zaidi. Tangu toleo la 2 inafuata mpangilio rasmi wa EPSG:4326, ambao ni latitudo kwanza. Andika `always_xy=True` kila unapotengeneza Transformer, la sivyo utapata `inf` au namba za ajabu.

Ulinzi huo uuweke ndani ya skripti yenyewe, isikusubiri wewe ukumbuke kutazama:

```
x1, y1, x2, y2 = mashamba.to_crs(4326).total_bounds
if not (29 < x1 and x2 < 41 and -12 < y1 and y2 < 0):
    raise ValueError("Mashamba yako nje ya Tanzania. Kagua koodineti.")
```

Kuhusu kanda: Morogoro mjini ni kanda ya 37, lakini usiibebe 32737 kila mahali. Mpaka wa kanda ya 36 na 37 ni longitudo 36. Jiji la Dodoma liko kanda ya 36, Kongwa iko kanda ya 37, na zote ni mkoa mmoja. Kigoma mjini iko kanda ya 35. `mashamba.estimate_utm_crs()` itakupa kanda inayofaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote.

Katika mashamba 214, kuna 31 yaliyotoka kwenye GPS ya mkononi. Niliyaweka juu ya picha ya setilaiti pamoja na yale ya simu. Ya simu yamekaa vizuri, mipaka inafuata njia na miti. Haya 31 yote yamesogea kama mita 300 kuelekea kaskazini na kidogo magharibi, kwa kipimo kilekile, kwa mwelekeo uleule. Kosa la upimaji huwa linatawanyika: hili kushoto, lile kulia. Likisogea lote kwa pamoja kama kundi la ng'ombe, jua ni datumu, yaani umbo la dunia na kitovu ambavyo koodineti zinahesabiwa kwavyo.

Nikarudi kwenye faili lenu la Excel. Koodineti mlizisoma kwa mita za UTM kwenye kioo cha kifaa mkaziandika daftarini, kisha mkaziingiza kwenye kompyuta mkisema ni WGS 84. Mita 300 hizo zinaniambia kifaa kilikuwa kimewekwa Arc 1960, datumu ya zamani ya huku kwetu, na inaelekea aliyekiweka alitaka kilingane na ramani za karatasi. Ramani zetu za skeli ya 1:50,000, mfululizo wa Y742, zimechorwa kwa Arc 1960. Mfumo huo unatumia umbo la dunia la Clarke 1880, ambalo ukubwa wake na mahali pa kitovu chake si sawa na WGS 84. Pointi ileile ardhini ina namba mbili tofauti, na huku kwetu tofauti kwenye UTM ni takriban mita 300 kusini-kaskazini na kama mita 90 mashariki-magharibi. Laiti mngelipakua faili la GPX kutoka kwenye kifaa, tatizo lisingetokea, maana GPX siku zote huandikwa kwa WGS 84 hata kama kioo kinaonyesha kingine. Kilichowapoteza ni daftari.

Nasema hili ni zito kwa sababu mimi mwenyewe lilinikuta. Miaka kadhaa iliyopita, katika mradi mmoja wa mipango ya ardhi, nilichanganya Arc 1960 na WGS 84 kwa namna hiihii. Hesabu za hekta zilitoka safi. Eneo la shamba halibadiliki likisogezwa, kwa hiyo hakuna jedwali ambalo lingenishtua. Tukabandika ramani kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Mzee mmoja akaisogelea, akafuatisha mto kwa kidole taratibu mpaka kwenye namba ya shamba lake, akakaa kimya, kisha akasema: "Hapa mmenivusha mto." Shamba lake lilikuwa kusini ya mto, sisi tulimweka kaskazini, kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Watu wa ukoo huo walikuwemo mlemle ukumbini. Ilituchukua siku mbili kurudisha utulivu, na tangu siku hiyo sijawahi kupeleka ramani kijijini bila kuiweka kwanza juu ya picha ya setilaiti.

Kwa mashamba hayo 31, usiyasogeze kwa mkono mita 300. Rudi kwenye namba za daftari kama zilivyoandikwa. Hapa ndipo `set_crs` ina kazi yake halali, kwa kuwa unatangaza ukweli ambao faili halikuwa nao:

```
ya_daftari = ya_daftari.set_crs(21037, allow_override=True)
ya_daftari = ya_daftari.to_crs(32737)
```

Namba 21037 ni Arc 1960, UTM kanda ya 37 kusini. Ukishageuza, yaangalie tena juu ya picha. Ugeuzaji wa Arc 1960 unabakiza mashaka ya mita kadhaa, wakati mwingine makumi ya mita, kwa hiyo shamba lolote kati ya haya lililo karibu na mto lipimwe upya. Usimwandike mtu ndani ya hifadhi kwa namba ya daftari.

KeyError ya mwenzako ni nyepesi. Kuna aina mbili za mafaili ya ramani hapa: wewe unasoma GeoPackage, yeye ulimtumia shapefile. Shapefile huhifadhi majina ya safu ndani ya faili la dbf, na huko jina halizidi herufi kumi. Safu yako `jina_la_kijiji` ina herufi kumi na nne, hivyo ilikatwa ikawa `jina_la_ki`. Safu `jina_la_kitongoji` nayo ikikatwa inakuwa `jina_la_ki` hiyohiyo, kwa hiyo GDAL, maktaba inayoandika mafaili ya ramani, ikaipa jina `jina_la__1`. Skripti ikatafuta `jina_la_kijiji`, haikuipata, ikafa. Mshukuru Mungu ilikufa, kwa sababu mtu anaweza "kurekebisha" kwa kuweka `jina_la__1` na vitongoji vikaingia mahali pa vijiji. Mtumie GeoPackage. Ni faili moja, halikati majina, na halina shida ya mtu kutuma shp akasahau prj, halafu data ikafika bila mfumo wa koodineti kabisa. Na mkipata KeyError yoyote, `print(list(mashamba.columns))` ndiyo hatua ya kwanza.

Akivuka hapo atakwama tena, kwa hiyo nimwambie mapema. Njia ya faili aliyoiandika tayari kwa ajili ya GeoPackage ni `"D:\ramani\vijiji\taarifa.gpkg"`. Kwa Python, alama ya `\` ikifuatiwa na herufi fulani ina maana maalumu: `\r` ni kurudi mwanzo wa mstari, `\v` ni nafasi ya wima, `\t` ni tabu. Folda zake zote mbili na faili lenyewe zimeangukia humo. Python inatafuta njia ambayo haipo duniani, yeye anaiona kwenye skrini iko sawa, na atakesha akiangalia kama faili lipo. Aweke `r` kabla ya alama ya kufungulia, au atumie `/`:

```
njia = r"D:\ramani\vijiji\taarifa.gpkg"
njia = "D:/ramani/vijiji/taarifa.gpkg"
```

Yoyote kati ya hizo inatosha. Na kama GeoPandas yake ni ya kabla ya toleo la 1.0, `union_all()` haimo. Atumie `unary_union` bila mabano. Akiona ujumbe kwamba `proj.db` (faili lenye orodha ya mifumo ya koodineti) haionekani au toleo lake halifai, aangalie vigeu vya mazingira vya Windows: PostGIS (hifadhidata ya ramani) ikisakinishwa huweka kigeu cha PROJ_LIB kinachoelekeza kwenye folda yake, na Python inafuata huko. Akiondoe kwa ajili ya kipindi hicho cha kazi, ajaribu tena.

Limebaki moja. Nimekuta mashamba sita yenye umbo bovu. Mpimaji alizunguka shamba, karibu na mwisho akakatisha njia yake mwenyewe, mstari ukajikata kama namba 8. Kompyuta inapopima umbo hilo, tundu moja linahesabiwa chanya na la pili hasi, yanapunguzana, na hekta zinatoka pungufu bila onyo lolote. Ukija kwenye `intersection` ndipo inapolalamika kwa TopologyException. Yatafute hivi:

```
mabovu = mashamba[~mashamba.is_valid]
```

Utashauriwa sehemu nyingi uandike `buffer(0)` na mambo yaishe. Usifanye hivyo kwenye mipaka ya watu. Inaweza kulitupa tundu moja la hiyo namba 8, yaani kipande cha shamba kimeondoka na hakuna aliyekuarifu. `make_valid()` ni salama zaidi, lakini kwa mashamba sita tu ningefungua QGIS nikayarekebisha kwa mkono, moja moja, nikimpigia simu aliyepima.

Ukilinganisha hekta za skripti na zile za `$area` kwenye QGIS utaona tofauti ndogo, mita za mraba chache kwa shamba la hekta mbili. Usihangaike nayo. `$area` inapima juu ya mviringo wa dunia kufuatana na mipangilio ya mradi, skripti inapima kwenye bapa la UTM. Simu yenyewe inakosea mita kadhaa kwenye kila kona, na hilo linazidi tofauti hiyo mbali sana.

Ili uwe na uhakika kabla ya wiki ijayo, pima kitu ambacho unaweza kukipima kwa njia mbili. Mimi hutumia uwanja wa mpira wa shule. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, yaani hekta 0.71. Wa kijijini unaweza kuwa mdogo kuliko huo, kwa hiyo uvute tepu kwanza, uzunguke kwa simu, uupitishe kwenye skripti kama shamba la 215. Skripti ikitoa namba inayokaribiana na ya tepu, hesabu ya hekta imekaa sawa.

Kisha endesha orodha ya mto upya. Haitakuwa na mashamba 214 tena. Katika yatakayobaki, chagua yale ambayo mpaka wake uko mita chache tu ndani au nje ya ukanda, maana hapo simu haiwezi kuamua. Nenda na tepu, anzia ukingoni mwa mto, na ncha ya pili aishike mwenye shamba.